Nyumba Iliyokuja kwa Kontena

Nusu ya mambo haya niliyaona kwa macho yangu. Nusu nyingine alinisimulia kaka yangu Ignatius, ndugu yangu wa tumbo moja, akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda changu Satwa, hana homa wala wasiwasi. Wasiotaka kuamini wasiamini. Mimi mwenyewe ningependa kuwa mmoja wao.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba mwaka 2016, wiki kama mbili baada ya Idi. Ijumaa ndiyo siku tuliyopumzika. Tulikwenda misa asubuhi, kisha Ignatius akaja kwangu kula. Nilikuwa nimepika ndizi za Kihindi, ambazo hata uzichemshe mpaka jioni hazilainiki kama zetu za Kagera, lakini mtu wa kwetu akizikosa kabisa huumwa. Mimi nilikuwa nashona katika duka la fundi mmoja Mpakistani hapo hapo Satwa, kazi yangu kupunguza suruali na kubana magauni. Ignatius alikuwa mtunza stoo katika ghala moja la Ras Al Khor linaloagiza samani za kale kutoka Asia. Akaniambia, huku anachovya ndizi kwenye mchuzi, kwamba wiki ile wamepokea nyumba.

Nikamuuliza nyumba ya nani.

"Nyumba nzima, Irene," akasema. "Imekuja kwa kontena."

Alieleza kwamba ni nyumba ya mbao za msaji, nzito, zimekuwa nyeusi kwa uzee. Imetoka kijiji cha bara huko Indonesia, kisiwa cha Java, mahali pasipoonekana bahari wala mtalii, milima na majaruba ya mpunga tu. Ilifunguliwa kipande kwa kipande, kila kipande kikaandikwa namba kwa rangi nyeupe. Hoteli moja ya Dubai Marina ilikuwa imeinunua iwe mgahawa. Kabla ya kuipeleka, arbab wao, mwenye ghala, alitaka isimamishwe kwanza ndani ya ghala ionekane kama hakuna kilichopungua. Fundi wake alikuwa amekuja nayo, mzee wa Kiindonesia aitwaye Wagiman, lakini wote walimwita Pak, kama sisi tunavyosema Mzee. Yeye na Ignatius walielewana kwa Kiarabu cha kazini, kile kibovu tunachojifunza wote kwa makafeel wetu, wale wadhamini wa viza zetu.

"Kwao ukiuza nyumba si lazima uuze na ardhi," Ignatius akasema. "Nyumba ni mbao. Unaifungua, inaondoka, uwanja unabaki."

"Afadhali wao," nikamjibu.

Hatukutazamana. Kila mmoja aliinamia sahani yake.

Niseme mapema, maana bila hili mengine hayaeleweki. Baba yetu aliacha kibanja Muleba, shamba la migomba lenye nyumba katikati na makaburi ya ukoo nyuma ya nyumba. Alipokufa, ukoo ulikaa ukampa Ignatius, kwa kuwa ndiye mwanamume. Mimi niliambiwa nitaolewa, nitakula kwa mume. Mama angeishi pale mpaka mwisho wake. Hilo halikuandikwa popote, lilijulikana tu. Mwaka 2012 Ignatius akapata wakala wa Dubai, akauza kibanja. Siku mnunuzi alipokuja na kamba ya kupimia, mama alikuwa ameinama anang'oa magugu, na kamba ile waliipitisha juu ya mgongo wake. Hakulia. Aliuliza tu kama atapewa muda wa kuvuna maharage. Mnunuzi akacheka, akasema hakuna shida, na kabla wiki haijaisha akayang'oa.

Mama akahamia chumba kimoja cha kupanga pale senta, ukuta mmoja na mashine ya kusaga. Miaka miwili baadaye Ignatius akanivuta na mimi nije Dubai. Tiketi yangu ilitoka mfukoni mwake, na mfuko ule ulitoka kwenye kibanja. Kwa hiyo sijifanyi mtakatifu. Kibanja kile nami nilikila.

Ijumaa iliyofuata Ignatius alikuja na habari ya ufagio.

Kiangazi kule kuna amri kwamba kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa watu wasifanye kazi juani. Arbab aliwaruhusu na wale wa ndani ya ghala wapumzike saa hizo, kwa sababu chini ya mabati yale palikuwa kama tanuri. Wenzake walijibana kwenye sakafu ya ofisi yenye kiyoyozi, wakalala. Ignatius hakwenda. Funguo za stoo alikuwa nazo yeye, na alipenda kukaa peke yake.

Jumamosi ile asubuhi Pak na vibarua walikuwa wamesimamisha nguzo nne za katikati, zile zinazobeba paa. Hazikuwa na ukuta wala chochote, nguzo tupu juu ya saruji. Mchana, ghala likiwa kimya, Ignatius akasikia mtu anafagia. Shwaa. Shwaa. Fagio la chelewa, mikononi mwa mtu asiye na haraka. Ghalani hawakuwa na fagio la namna hiyo. Akazunguka makontena yote, hakuona mtu. Aliporudi kwenye zile nguzo akakuta vumbi la mbao limefagiwa, limekusanywa fungu moja dogo pembeni. Nje ya nguzo vumbi lilikuwa vile vile, limetanda, halijakanyagwa.

Hapakuwa na alama ya mguu kuingia, wala ya kutoka.

Alimshuku Rama, kijana wa Tanga aliyeendesha foklifti, kwamba anamfanyia mzaha. Rama akaapa kwamba alikuwa amelala, na wenzake wakamshuhudia. Ignatius akaacha. Lakini kesho yake fungu lile la vumbi lilikuwepo tena, na keshokutwa. Kadiri nyumba ilivyopanda, ndivyo pahali palipofagiwa palivyopanuka. Walipoweka kuta za mbele, ukumbi wa mbele ukafagiwa. Walipoweka chumba cha ndani kabisa, ambamo kwao hutunzwa mpunga, nacho kikafagiwa.

"Ulimwambia Pak?" nikamuuliza.

Akasema bado. Alikuwa anataka kwanza kunieleza habari ya baridi.

Ilikuwa juzi yake, Jumatano. Joto la nje lilikuwa nyuzi arobaini na saba, na ndani ya ghala pengine lilizidi. Aliingia kwenye ile nyumba kuhakiki namba za mbao, na mara tu alipovuka kizingiti akahisi ubaridi. Si wa kiyoyozi, akasema. Ni ule wa Muleba alfajiri, wa kuvaa sweta. Harufu ya kuni mbichi na wali unaokaukia. Akaketi. Kisha akajilaza. Akalala usingizi ambao hakuupata tangu afike nchi ile. Alipozinduka alihisi mtu anamfunika shuka, anamchomekea pande zote mbili kama anavyofunikwa mtoto. Akapapasa. Hakuna shuka. Ndipo akasikia sauti ya mwanamke mzee, karibu na sikio.

"Le."

"Le nini?" nikamuuliza.

"Le tu. Kama mtu anaita."

"Uliitika?"

Akasema hapana. Lakini hakunitazama, akawa anajikuna sikio kama mtoto aliyedokoa nyama. Nikajua ameitika.

Jumamosi akamwendea Pak. Mzee alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Ignatius akamuuliza, katika lugha ya kwao "le" ni nini. Pak akaacha kazi, akaiweka randa chini polepole, akamuuliza nani amemwita hivyo. Ignatius akamweleza. Mzee akakaa sakafuni. Akasema neno hilo ndilo mama anamwitia mtoto wake wa kiume wakiwa nyumbani. Halafu akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia arbab wala mtu yeyote.

"Ile ilikuwa nyumba ya mama yangu."

Yaliyobaki Ignatius alinisimulia Ijumaa ya tatu, kwa sauti ya chini, ingawa chumbani tulikuwa wawili. Katika kijiji cha Pak kila mwenye mtoto ughaibuni alikuwa amejenga nyumba ya tofali na vigae vya kung'aa. Wao peke yao walibaki na nyumba ya mbao ya mababu, wakaona aibu. Akaja mtu wa mjini anayenunua nyumba za kale. Pak, mkubwa wa watoto wanne, akakubali kwa niaba ya wote. Mama yao, mjane, akasema yeye hatoki. Wakadhani akiona vigae vya paa vinashuka atatoka mwenyewe. Vigae vikashuka, hakutoka. Kuta zikafunguliwa, akaendelea kufagia katikati ya mafundi. Nguzo nne za mwisho alizing'oa Pak kwa mkono wake, kwa sababu ni yeye peke yake aliyejua zilivyoshikana.

Bibi kizee hakufa siku hiyo. Hilo ndilo Pak alilolieleza huku analia. Mama yake alibaki pale pale, juu ya sakafu ya udongo isiyo na nyumba. Asubuhi alifagia. Mchana alipika. Jioni alinyoosha mkono akafunga mlango ambao haupo, akaweka na komeo. Majirani walipita barabarani wakamwona, wakageuza nyuso. Watoto wake walimvuta kwa nguvu kumpeleka kwenye nyumba ya tofali, akarudi. Aliishi hivyo siku tisa, jua lake na mvua yake. Siku ya kumi walimkuta ameketi, mikono mapajani, uso umeelekea mlangoni.

Pak alikubali safari ya Dubai kwa sababu alidhani nyumba ikisimama tena, mama yake ataingia atulie, na yeye ataomba msamaha. Kweli aliingia. Lakini bibi hamwiti mwanawe. Anampita kama anavyopita nguzo.

"Akanionya," Ignatius akasema. "Akasema akiniita nisiitike. Na akinipa chakula nisile."

"Basi umesikia. Omba uhamishwe."

Akatabasamu. Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Kaka yangu, ambaye kwa miaka minne alikuwa mifupa na mishipa, alikuwa amejaa mashavu. Ndizi nilizompakulia hazijaguswa.

"Kula basi," nikasema.

"Nimeshakula."

"Umekula wapi?"

"Nyumbani."

Nikajidai nimeelewa kwamba ni kambini kwao, wanakolala wafanyakazi. Nilikuwa na jambo jingine la kumwambia. Mama mdogo Kokugonza alikuwa amepiga simu kutoka Muleba. Mama ana siku nne hajainuka kitandani, anasema mashine ya kusaga inamlia kichwani hata ikiwa imezimwa. Nikamwambia Ignatius tumpigie sasa hivi, asikie sauti ya mwanawe. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

"Mama hajambo, Irene. Jana mchana kanipakulia."

Nilisimama nikafungua dirisha. Joto likaingia.

Alipoondoka nilimpigia Rama. Akaniambia bora nimeuliza mimi, yeye alikuwa anaogopa kuonekana mchonganishi. Ignatius siku hizi kila mchana anaingia kwenye ile nyumba anafunga mlango. Wanamsikia anaongea. Anauliza, anajibu, anacheka kidogo. Si Kiswahili, si Kihaya, si Kiarabu. Na Pak, ambaye zamani alikuwa analala kwenye kivuli pamoja nao, sasa saa hizo anatoka nje ya ghala anakaa juani.

Mama alifariki Jumanne asubuhi. Simu ya mama mdogo ilinikuta kwenye cherehani, na suruali ya mteja mapajani mwangu. Alisema alifia mikononi mwa mwenye nyumba, si mikononi mwake, maana yeye alikuwa ameenda kuteka maji. Alisema mwenye nyumba alimfunika kwa blanketi lake. Sijui kwa nini neno hilo la blanketi ndilo lililonichoma zaidi.

Nilimpigia Ignatius mara kumi na moja. Simu iliita tu. Nikamwomba ruhusa fundi mkuu. Akaniangalia uso, akasema yalla, nenda. Nilipanda teksi. Nilifika Ras Al Khor saa saba mchana.

Barabara ya maghala ilikuwa tupu. Jua limesimama utosini, kila kitu hakina kivuli. Pak alikuwa ameketi nje ya mlango mkubwa, kichwa wazi. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini nilimjua. Aliponiona alijua na mimi ni nani. Akatikisa kichwa.

"Khalas," akasema, yaani imekwisha. "Leo ameishi humo tangu asubuhi. Leo amekula sana."

Nikampita. Nikaingia.

Sikutegemea kuwa nyumba ile ingekuwa nzuri. Ilisimama katikati ya ghala, kati ya makontena na rafu za chuma, nyeusi, imetulia, paa lake limepanda juu kama mtu aliyenyanyua mabega. Milango ilikuwa wazi. Nilikwenda mpaka kizingitini, nikaita jina la kaka yangu. Halafu nikatazama chini. Ndala zangu zilikuwa zimevuliwa, zimepangwa mbili sambamba pembeni ya mlango. Sikumbuki kuzivua.

Nikaingia.

Baridi. Ile ile aliyosema. Moshi wa kuni, harufu ya wali. Ignatius alikuwa ameketi kwenye mkeka, kati ya zile nguzo nne, amekunja miguu. Mbele yake sahani. Mbele ya sahani yake, sahani nyingine, tupu. Upande wa nyuma, penye giza, mtu alikuwa amechuchumaa ameelekea motoni. Niliona mgongo. Niliona kisogo chenye nywele nyeupe zilizofungwa fundo dogo. Kiwiko kikipanda na kushuka, anakoroga.

"Ignatius. Mama amefariki."

"Polepole," akanong'ona. "Anapakua."

"Mama yetu. Asubuhi hii."

"Kaa, Irene."

Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama mkono wa mtu aliyekuwa anafua mtoni. Nikavuta. Hakujivuta, hakunipinga. Alikuwa mzito tu. Kama nguzo.

"Hapa ni kwetu," akasema. "Hapa hawauzi."

Kiwiko kikaacha kukoroga.

"Nduk," ikasema ile sauti.

Sikulijua neno lile. Lakini mwili wangu ulilijua. Hivyo hivyo, kwa upole ule ule wa mtu aliyechoka, ndivyo mama alivyokuwa ananiita kutoka jikoni nije nichukue sahani yangu. Na mimi, mtoto niliyelelewa kuitika, nikaitika kabla sijafikiri.

"Abee."

Nilitaka kukaa. Naomba niseme ukweli, kwa sababu wanaoweza kunilaumu wamekufa. Sikuogopa. Katika maisha yangu nyumba haikuwahi kuniita. Ya baba ilikuwa ya Ignatius, ya mume sijaipata, ya Satwa tunalala watu sita. Hii ilikuwa imeniwekea sahani. Ubavu wa mkeka ulikuwa umeachwa wazi, upana wa mtu mmoja, upana wangu.

Nilikuwa nimeshainama nusu.

Kilichonitoa si ujasiri wala sala. Ni uchungu. Nilimtazama kaka yangu anaokota punje ya wali iliyoanguka, anaitia mdomoni kwa adabu, mtoto mwema kabisa mbele ya mama yake. Nikaliona blanketi la mwenye nyumba. Nikaona kamba inapita juu ya mgongo ulioinama. Huyu ameuza mama mmoja, amepata mwingine, na huyu wa pili anampakulia. Nikauachia mkono wake. Naam, niliuachia mimi. Nikarudi kinyumenyume mpaka kisigino kikagusa kizingiti.

Mgongo ule haukugeuka. Mkono tu ulinyooka, ukaisogeza ile sahani tupu kuelekea nilipokuwa.

Nilikimbia miguu mitupu. Lami ya nje iliniunguza nyayo, nina makovu mpaka leo. Nikagonga mlango wa ofisi, Rama na wenzake wakaamka, wakaingia mbio. Hawakuona mkeka. Hawakuona sahani wala moto. Walimkuta Ignatius amelala chali kwenye saruji kati ya nguzo nne, mwili unawaka kama jiwe la jikoni. Rama alilipasua shati lake la kazi ili apate hewa, vifungo vikaruka. Wakamwagia maji. Alikuwa ameshakwenda.

Karatasi ya kifo iliandika joto. Sikubishana. Ningesema nini? Rama peke yake alinivuta pembeni akaniambia kwamba alipomfungua mdomo ampe pumzi, ulikuwa umejaa wali mweupe, wa moto bado.

Arbab alisikitika, inshallah Mungu atampumzisha, kisha akauliza kazi itaisha lini. Nyumba ilifunguliwa tena kipande kwa kipande, ikapelekwa Marina. Pak aliifungua na Pak akaisimamisha, maana hakuna mwingine aliyejua zile nguzo zinavyoshikana. Watu wanakula humo sasa. Nasikia wanaisifu kwamba ina ubaridi mzuri.

Siku moja kabla sijasafiri na mwili, Pak alikuja dukani Satwa. Alikuwa amekonda. Aliweka mfuko wa plastiki juu ya cherehani yangu, akasema hiki ni cha ndugu yako, nilikikuta kimetundikwa kwenye msumari katika chumba cha ndani. Nikakitoa. Lilikuwa lile shati ambalo Rama alilipasua. Kifua chake kilikuwa kimeshonwa kwa mkono kutoka juu mpaka chini, na pale kitambaa kilipokosekana kiliwekwa kiraka cha pamba ya kahawia yenye maua meupe madogo. Mimi ni fundi. Mkono wa mtu kwenye sindano naujua kama sauti yake. Mkono ule ulikuwa wa mtu mzee, mvumilivu, asiyeona vizuri lakini asiyekosea.

"Si mimi," Pak akasema, kabla sijamuuliza.

Akaomba alishike kidogo. Akaipitisha ncha ya kidole chake juu ya ule mshono, kisha akaliweka shati usoni, akasimama hivyo, wateja wakimtazama. Alipolirudisha alisema kwamba tangu amkubalie yule mtu wa mjini, mama yake hakuwahi kumshonea hata kifungo. Nikamuuliza "nduk" ni nini. Akaniambia ni neno la mama kumwita binti yake. Halafu akaniuliza kama niliitika. Nikakanyaga cherehani, ikanguruma, akaelewa akaondoka.

Mama alikuwa ameshazikwa nilipofika Muleba, kwenye makaburi ya parokia, kati ya watu asiowajua. Nilimwendea mnunuzi wa kibanja nikamwomba Ignatius alale karibu na baba. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Akasema kulitembelea kaburi naruhusiwa siku yoyote, ila kuchimba jipya hapana, ameshapanda mikaratusi. Kwa hiyo kaka yangu naye yuko parokiani, safu ya nyuma.

Usiku wa matanga nililala chumba kile cha mama, karibu na mashine. Asubuhi nilifungua begi nitafute nguo ya kwenda kanisani. Nina gauni moja la kitenge ambalo pindo lake lilikuwa limefumuka kwa zaidi ya mwaka. Sikuwahi kulishona, fundi hana muda na nguo zake. Nililipaki Dubai likiwa hivyo hivyo, nililikunja mwenyewe, na begi nililifunga kwa kufuli.

Pindo lilikuwa limeshonwa nusu. Mishono midogo, ya mkono, imefuatana. Pale iliposimama sindano ilikuwa imechomekwa kwenye kitambaa, ya chuma cheusi, nene kuliko zetu, na uzi wake mrefu ulikuwa unaning'inia, haujakatwa, kama mtu ameiweka kazi chini kidogo akaangalie chungu.